Min Achieng' Hakula Tumbo Langu

Migori,
Jumapili alasiri.

Kwa Dada yangu Zuhura,

Shikamoo, Dada. Naulizia kwanza goti lako, maana barua yako ya mwisho ilisema limekukataza kupanda ngazi za nyumba ya Mama. Namuulizia Mama na macho yake. Namuulizia Shemeji na kifua chake, na kama bado anavuta sigara uani akidhani moshi haupandi juu. Kwa upande wangu, desturi inanitaka niandike kwamba ni mzima na kwamba wasiwasi nilio nao ni juu yenu tu. Hilo la pili ni kweli. La kwanza ndilo lililonikalisha na karatasi hii tangu adhuhuri bila kuigusa kwa wino.

Nimepasuliwa, Dada. Usishtuke, na usimwite Mama. Nimeshatoka hospitali, natembea, nafua mwenyewe, na juma lijalo narudi darasani. Sikukupigia simu kwa sababu nakujua: ungepanda basi na goti hilo hadi huku mwisho wa nchi, na pande zote mbili za njia ningelaumiwa mimi. Ni vile vidonda vya tumbo ulivyonilea navyo, ulivyokuwa ukisema ni vidonda vya hasira na kwamba nikiacha kugombana na dunia vitafunga vyenyewe. Vilifunga, lakini vilifunga vibaya. Viliacha kovu pale tumbo linapotolea chakula, kovu likabana njia, nikawa natapika mchana nilichokula jana usiku. Nilikonda mpaka wanafunzi wakaanza kunibebea madaftari bila kuambiwa. Mwalimu Mkuu akanipeleka kwa gari la shule hadi hospitali moja ya misheni upande wa Homa Bay, na huko wakanifungua.

Upasuaji haunitii haya. Ninaloona haya ni mdomo wangu, na nakuandikia wewe kwa kuwa wewe ndiye uliyeupiga makofi tangu ulipoota meno, ukisema ulimi huponza kichwa. Wangu, Dada, kichwa changu umekiacha salama. Umeponza kichwa cha mwenzangu.

Nimeshakutajia mwenye nyumba wangu. Huku mama huitwa kwa jina la mwanawe, kwa hiyo yeye ni Min Achieng', yaani mama yake Achieng', ingawa Achieng' mwenyewe ameolewa Rusinga na kuja kwake ni kwa nadra. Ni mjane, Msabato, mwanamke mrefu asiye na maneno mengi. Kazi yake ni omena, wale dagaa wembamba wa ziwa hili. Huenda na wenzake hadi Muhuru Bay, mpakani na Tanzania, huwanunua wabichi ufukweni, huwaanika, na huwarudisha Migori kwa pikapu wanayoikodi pamoja, kisha kila mmoja anauza sokoni kwa mkebe. Nilipolazwa aliacha biashara hiyo yote akaja Homa Bay. Alilala sakafuni chini ya kitanda changu juu ya leso mbili. Alimwaga beseni langu. Mimi si ndugu yake, si wa kabila lake, si wa dini yake, na kwa miaka yote niliyopanga kwake sijawahi kumaliza juma bila kumbishia jambo. Nilipomuuliza kwa nini anafanya hivyo alinijibu, "Mwalimu, nani mwingine atafanya? Mdomo yako imefukuza wote." Akacheka, akaenda kumwaga beseni.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo kosa lilipoanzia. Siku ya pili baada ya upasuaji daktari alikuja na wauguzi wanafunzi. Ni kijana, mwenyeji wa huku, ana mikono safi na macho yenye usingizi. Alisimama juu yangu akaanza kuwaeleza kwa Kiingereza yale aliyoyafanya ndani ya tumbo langu, akionyesha kwa kalamu huku na huku, kana kwamba mimi ni gunia la mahindi lililoletwa kupimwa. Unanijua. Nilijiinua kwa viwiko, mshono ukilia, nikamuuliza mwenye tumbo hili ni nani kati ya wote waliosimama hapa. Nikamwambia nchi hii ilipata uhuru lakini wagonjwa wake bado hawajapata. Nikamwambia kwamba mwanamke anaweza kufa katika hospitali zetu bila kujua amekufa kwa nini, kwa kuwa kifo chake kilielezwa kwa lugha ya watu wengine. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walipiga makofi. Hata wewe ungepiga.

Daktari alivumilia. Akasema, "Uko na haki, Mwalimu. Pole." Akavuta kiti, akawaambia wanafunzi wasogee, akaanza upya kwa Kiswahili, polepole, akitafuta maneno. Alieleza kila kitu, Dada. Alieleza alichokata na asichokata, alieleza chakula sasa kinapita wapi, alieleza nile nini na nisinywe nini. Na mimi, niliyekuwa nimeidai haki hiyo kwa sauti iliyofika wodi ya wanaume, sikusikia hata neno. Nilikuwa nimelala nikimtazama usoni, natingisha kichwa, huku moyoni natunga barua ya kupeleka gazetini. Alipouliza kama nina swali nilimuuliza kwa nini serikali haifundishi wauguzi kwa lugha wanayoielewa wagonjwa. Akasimama akaenda kitanda cha pili.

Niliporudi Migori Min Achieng' aliwaita majirani tumshukuru Mungu pamoja. Walikuja wanawake wa plotini, wapangaji wenzangu, na wawili wa soko. Kati yao yuko mmoja anayeitwa Nyar Alego, yaani binti wa Alego, kwa sababu ndiko alikozaliwa. Yeye pia anauza omena, na ndiye mwenye kusikilizwa na wote, maana ana ulimi kama wangu ila wake unachekesha. Min Achieng' alipika viazi vitamu na samaki, na kwa ajili yangu hasa akapika uji wa wimbi, mzito, wenye ndimu na sukari nyingi, akanijazia bakuli kubwa. Huku mgonjwa aliyepona huonyesha kwamba amepona kwa kula, na kwetu mgeni haachi chakula, kwa hiyo mila zote mbili zilinisukuma upande mmoja. Nilikunywa bakuli lote. Nikaongezewa, nikanywa tena.

Yeye hakula. Alikuwa mwenye nyumba, anapakua. Alisimama mlangoni na mwiko mkononi akiniangalia ninavyokunywa, kama mtu anavyouangalia mche alioumwagilia wakati wa ukame ukitoa jani.

Uji haukukaa. Tulikuwa bado tunaimba, wao wanaimba na mimi najipepea, nikahisi moyo unakimbia kama umeitwa. Jasho likanitoka mpaka kwenye viganja. Tumbo likaanza kunguruma, si njaa, ni kama gunia la mawe linaburutwa, likanikata, nikainuka nitafute choo na sikufika. Niliangukia kizingitini, Dada, mbele ya wanawake wale, na yaliyonipata pale sitayaandika. Mtu mzima wa miaka yangu. Waliniosha wao.

Nilipofumbua macho nilikuwa kitandani kwangu na Nyar Alego anasema chini chini, "Nani alikuwa anamwangalia?"

Mwingine akasema, "Wacha hiyo maneno."

"Nauliza tu. Mimi nimekula. Wewe umekula. Mwenye nyumba hakukula. Alisimama hapo mlango, macho kwa bakuli, mpaka uji ikaisha."

Huku wanayo imani wanayoiita sihoho. Mtu mwenye sihoho akikutazama unapokula, chakula hukwama tumboni, hukata kama kisu, na usipopata mganga wa kukitoa unaweza kufa. Mtu huyo huitwa jasihoho, na hata awe mwema namna gani watu hufunika sahani anapopita. Najua utakaloniambia, Dada, kwamba hata kwetu jicho lipo, na kwamba wewe mwenyewe ulinifukizia ubani nilipofaulu mtihani. Sibishani nawe leo. Nakueleza tu kwamba neno hilo likishamshika mjane anayeuza chakula, huyo hana tena biashara.

Laiti ningenyamaza. Laiti ningelia. Mgonjwa akilia husamehewa kila kitu, naye huwasamehesha wengine. Lakini mimi ni mimi. Nimeandika magazetini dhidi ya ushirikina tangu kabla hawa watoto ninaowafundisha hawajazaliwa, nikasikia vita vimekuja mpaka kitandani kwangu, nikajikokota nikakaa. Nikawaambia kwamba ni aibu vyama vingi vimerudi na akili moja haijarudi. Nikawaambia wanawake kama wao ndio wanaowapa wanaume sababu ya kutudharau. Niliwaita wajinga, Dada, watu walioniosha muda mfupi uliopita. Na nilipoona nyuso zao zimefunga nikatafuta hoja ya kuwamaliza, ile hoja ya mwisho ambayo nikiipata katika mjadala huwa nahisi utamu mdomoni. Nikasema:

"Chakula kitakwama wapi? Mimi tumbo sina. Daktari amelikata akalitupa. Jicho linashika tumbo la mtu asiye na tumbo?"

Walitazamana. Nikadhani nimeshinda. Nyar Alego akanitazama kwa huruma, huruma ya kweli, akauliza taratibu:

"Sasa uji ilienda wapi?"

Nilikuwa na maneno, na maneno niliyatoa, lakini jibu sikuwa nalo, kwa kuwa sikujua kilichomo ndani ya ngozi yangu mwenyewe. Nilisema utumbo, nikasema mishipa, nikasema kwamba sayansi ina njia zake. Waliondoka mmoja mmoja wakiniambia nipumzike. Min Achieng' alikuwa amekaa kwenye ngazi ya nje muda wote huo, na mwiko bado mkononi.

Maneno ya sokoni hayana haja ya gazeti. Kabla juma halijaisha ilikuwa inajulikana kwamba mwalimu Mswahili hana tumbo, na kwamba alilala hospitali usiku na mchana na yule mjane amejilaza chini ya kitanda chake. Mtu anafanya nini chini ya kitanda cha mgonjwa? Mimi nililitaja tumbo kutoweka, wao wakamtafutia mwenye kulichukua. Waliokuwa wanakodi pikapu pamoja naye kwenda Muhuru Bay walimwambia imejaa. Kanisani, siku yao ya Sabato wanapokula pamoja baada ya ibada, aliona akina mama wanageuza migongo kuficha sahani za watoto, akaenda kukaa nje nyuma ya ukuta mpaka wamalize. Nilimwona hapo nje kwa macho yangu, maana nilikuwa nimetoka kujinyoosha barabarani. Alikuwa amekaa juu ya jiwe, amevaa gauni lake jeupe, ameegemea ukuta wa kanisa lake mwenyewe.

Jioni nilimwendea. Alikuwa anapembua omena ambazo hakuna aliyezinunua. Nikamwambia nimeshaanza kuandika makala, nitamtetea nchi nzima isome.

"Mwalimu," akasema bila kuinua kichwa, "sasa hivi ni Migori peke yake inajua. Wacha tu."

Nikamwambia ni upuuzi, kwamba mtu mwenye akili hawezi kuamini kitu kama hicho.

"Wewe ndio ulisema hauna tumbo. Mimi sikusema. Nyar Alego hakusema." Kisha akaongeza, "Uko na chakula? Enda kula kwa nyumba yako. Ufunge mlango, nisione."

Alfajiri ya kesho yake nilikwenda Homa Bay. Ziwa lilikuwa kijani tupu, limefunikwa na gugu maji, mtu mgeni angedhani ni shamba la mboga. Nimeandika barua tatu kwa wahariri juu ya gugu hilo, na siku ile nililipita nikiwa sina la kusema. Daktari alinikuta kwenye foleni ya wagonjwa wa nje. Akaniuliza kama nimekuja kwa mshono au kwa mjadala.

"Nimekuja unifundishe," nikasema. "Lile ulilolieleza siku ile. Sikulisikia."

"Nilieleza kwa Kiswahili, kama ulivyotaka."

"Najua."

Akaniingiza chumbani. Akaniambia nieleze kwanza mimi ninavyofikiri nilivyo ndani. Nikaeleza. Alikuna shavu akasema, "Mwalimu, kama ungekuwa hivyo ungekuwa umezikwa." Kisha akanieleza, na safari hii nilikaa kama mtoto wa chuo cha Kurani mbele ya mwalimu wake, Dada, na nitakueleza wewe ili uone kwamba nimeshika.

Tumbo langu liko. Halikukatwa wala kutupwa. Chukulia ni nyumba yenye mlango mmoja wa kutokea, na mlango huo umekwama kwa kutu ya vile vidonda. Fundi hakubomoa nyumba wala hakuung'oa ule mlango. Aliuvuta juu utumbo mwembamba kutoka chini kidogo, kama mtu anavyovuta kunjo la kamba, akaushona ubavuni mwa tumbo, akatoboa hapo mlango wa uani. Chakula kinatokea uani sasa. Kile kipande cha kwanza cha utumbo, kilichofuata mlango wa zamani, nacho hakikutupwa. Kiko pale pale, na nyongo bado inapitia humo, na maji ya kongosho, yanashuka yenyewe bila chakula na kukutana nacho mbele. Kwa hiyo kuna njia mbili zinazoungana, na hakuna kilichopotea. Lakini mlango wa zamani ulikuwa na bawabu. Ulifunguka kidogo, ukafunga, ukaachia chakula kwa kiasi. Mlango wa uani hauna bawabu. Ukimimina bakuli mbili za uji mtamu, usiohitaji kutafunwa, wote unaporomoka kwa mara moja ndani ya utumbo usiozoea, na sukari ile huyavuta maji kutoka kwenye damu ili izimuliwe. Damu ikipungukiwa maji moyo unakimbia, jasho linatoka, mtu anaanguka. Na utumbo uliojaa maji ghafla, yaliyonipata kizingitini ndiyo kazi yake.

"Sasa rudia," akaniambia.

Nikarudia, nikaipoteza nyongo. Nikarudia tena, nikaweka bawabu penye mlango wa uani. Akauliza, "Mwanafunzi akikosa mara mbili unamfanya nini?"

"Namchapa."

"Leo hatuchapi. Rudia."

Mara ya tatu nilipatia. Akanikumbusha masharti: kidogo kidogo, mara nyingi, chakula kikavu, sukari hapana, kunywa kuwe mbali na kula, na nikishakula nijilaze. Nikamwomba aje Migori awaambie wale wanawake mwenyewe. Nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, ustadi ambao mimi sina, kisha akasema, "Nikija nitaongea kama daktari na watanyamaza kama wagonjwa. Nikitoka wataendelea. Kula mbele yao."

Nilirudi nikamweleza Min Achieng' ile nyumba yenye milango miwili. Aliuliza maswali mawili tu: kama nyongo bado iko, na kama nikila ugali kavu kidogo mbele ya watu nitaanguka. La pili sikuweza kuapa. Daktari alisema mwili hujifunza polepole, na kwamba hata mwenye kufuata masharti anaweza kutokwa jasho. Nilimwambia ukweli huo. Na unaelewa, Dada, maana yake ilikuwa nini: nikianguka mara ya pili, yeye ananiangalia, mbele ya mashahidi, hakuna daktari wala gazeti litakalomrudisha. Angehamia Rusinga kwa binti yake, na huko pia neno lingemfuata kwa mtumbwi.

Aliwaza akipembua omena. Halafu akasema, "Sawa. Lakini hautaongea."

"Nitaeleza tu kwa kifupi..."

"Hautaongea, Mwalimu. Hata salamu nitasema mimi. Ukiongea, mimi natoka."

Walikuja Nyar Alego na watatu wengine, zaidi kwa kutaka kuona kuliko kwa wema, wakakaa karibu na mlango. Meza ilikuwa na ugali wa mtama na ngege, yule perege wa ziwa, aliyekaushwa, bila mchuzi. Bila uji. Min Achieng' alipakua, akakaa upande wa pili wa chumba. Nilimega tonge dogo kama la kulishia kifaranga, nikatafuna mpaka likawa si kitu, nikameza. Nikainua macho kumtazama, na yeye alikuwa ameugeukia ukuta.

Hakukusudia, nadhani. Mwili ulishajifunza. Kichwa kiligeuka chenyewe mara tu mkono wangu ulipoenda mdomoni, kama tunavyofumba jicho vumbi likija. Nilitaka kumwambia geuka, maana kazi yote ni bure usiponitazama, lakini nilikuwa nimefungwa mdomo. Basi nikainuka na sahani yangu, nikaenda kukaa kwenye kigoda kati yake na ukuta, usoni pake kabisa. Nikamega. Akageukia dirisha. Nikainuka nikaenda dirishani. Akageukia kabati la vyombo, nami nikalifuata kabati, na samaki mkononi, na mshono unanivuta. Nyuma yangu nikasikia mmoja wa wanawake anazuia kicheko kwa leso.

"Mwalimu," Min Achieng' akasema, "unanifuata kama mbuzi."

Nikakaa chini sakafuni mbele ya magoti yake, nikala. Na hatimaye akaniangalia. Aliniangalia tonge kwa tonge, macho yamejaa maji, hakupepesa, mpaka mwiba tu ukabaki.

Kisha tukangoja. Jasho lilikuja, Dada, juu ya mdomo na shingoni, na tumbo likanguruma kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia. Nilikuwa na maelezo yote sasa, sahihi, kwa mpangilio, nyongo mahali pake na bawabu mahali pake, na sikuruhusiwa kuyatoa. Nikatandika mkeka nikajilaza kwa ubavu kama nilivyoagizwa.

"Anaanguka," mmoja akasema.

"Analala," Min Achieng' akasema. "Daktari alisema akikula alale. Tumbo yake iko. Ni mlango tu walibadilisha. Muacheni."

Jasho likakauka. Nililala pale nikiwasikia wanaanza kuongea habari za bei ya pikapu, na nilipokaa, moyo wangu ulikuwa unatembea, haukimbii. Baadaye sana nikaletewa chai ya rangi. Nyar Alego akaionja kwenye kikombe changu kabla yangu, akaufinya uso. "Chai bila sukari," akasema. "Hii sasa ndio ugonjwa." Wakacheka, mimi nikacheka kwa pua. Waliaga bila kuomba radhi na bila kusema wameamini.

Ungependa nimalizie hapo. Mimi pia. Lakini siku ya soko nilikwenda kukaa na Min Achieng' kwenye kibanda chake, na asubuhi nzima watu walipita wakinunua kushoto na kulia kwetu. Jua lilipokuwa juu akaja Nyar Alego. Alisimama, akashika omena, akanusa, akasema anataka mkebe mmoja mkubwa.

"Ni ya kuku," akasema. "Kuku yangu haitagi."

Dada, damu ilinipanda. Chakula cha mwanamke huyu, aliyelala sakafuni kwa ajili yangu, eti wape kuku kwanza tuone kama watakufa. Nilikuwa na sentensi tayari, nzuri, ndefu, ya kumkata magoti mbele ya soko zima. Nikafungua mdomo. Min Achieng' akanikanyaga mguu kwa kisigino, kwa nguvu zake zote, huku anajaza mkebe. Akaujaza mpaka ukafanya kilima, akaongeza konzi moja juu.

"Wapelekee," akamwambia. "Wakitaga, uniletee habari."

Nyar Alego akafunga leso yake, akaenda. Mwanamke wa kibanda cha jirani, aliyekuwa anatutazama, akasema naye anao bata.

Ndivyo tunavyouza sasa. Kwa kuku, na kwa bata. Pikapu bado imejaa, na siku ya Sabato Min Achieng' bado anakula nyuma ya ukuta, ila juzi nilikwenda kukaa naye juu ya lile jiwe, mimi Mwislamu kwenye ukuta wa Wasabato, na kiazi changu kikavu mkononi, nikamwambia aniangalie. Ile makala nimeichana. Hakuna aliyenishinda kwa hoja. Kilema nilichobaki nacho ni kwamba kila ninapopita sokoni na kuona mama anafunika sahani, najua nani alimfundisha kuifunika.

Mama mweleze utakavyoona vyema, lakini usimwambie nimekatwa tumbo. Mwambie nimefunguliwa mlango wa pili, hivyo hatadanganywa. Nisalimie Shemeji mvuta moshi. Mwanao mkubwa na mkewe mwenye mimba. Mjomba wetu fundi saa, asome kwa miwani na si kwa kukisia. Na shangazi anayelala chumba cha chini, aliyetabiri nitafia katika mabishano, mwambie bado nangoja. Niombee dua, Dada, na ukimaliza kuniombea mimi mwombee Min Achieng' kwa jina lake, kwa muda mrefu zaidi.

Mdogo wako uliyemlea,
Saada